Wegesa na Fahali wa Kwenye Bucha

Mwanamke wa Nyamwaga akifika miaka arobaini na sita, kazi zake zinajulikana. Anangoja mahari ya binti zake, anamsema mkwe wake, analalamika magoti, na siku ya msiba anakaa mstari wa mbele, mahali uji unapofika ungali wa moto. Wegesa alipofika umri huo alinunua brashi.

Brashi, ndiyo. Wala si ya viatu. Ya rangi.

Robi, jirani yake, ambaye mdomo wake ulikuwa na mbio kuliko basi la Musoma, alikuwa wa kwanza kuipata habari na wa mwisho kuacha kuisema.

"Wegesa, serikali imekuajiri upake shule?"

"Hapana."

"Basi ni wazimu."

"Basi ni wazimu. Sogea kidogo, umeniziba mwanga."

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na nne, dhahabu ikiwa imewapanda watu kichwani. Mwanamume mwenye ng'ombe thelathini aliuza kumi ili achimbe duara, lile shimo la kutafutia dhahabu. Duara likala kumi, likaomba kumi wengine. Vijana waliokuwa hawawezi kuamka kukamua sasa walikuwa wanaamka kabla ya kuku, wakaponde mawe. Kila mtu alikuwa tajiri wa wiki ijayo.

Mume wa Wegesa, Nyangwine, hakuachwa nyuma. Huyu bwana alikuwa na kipaji cha peke yake: aliondoka kwenye duara siku moja kabla ya dhahabu kuonekana. Alifanya hivyo mara nne, katika maduara manne, na kila mara akarudi nyumbani kueleza jinsi alivyokuwa karibu. Mara ya tano Mungu alichoka kumchezea, akampa kidogo. Nyangwine akanunua redio, akanunua suti ya kahawia ambayo mikono yake ilikuwa ya mtu mwingine, akanunua bloku za simenti. Kisha akaibomoa nyumba ya udongo ambayo mkewe alikuwa ameisiriba kwa miaka ishirini na miwili.

Sasa hapo ndipo alipoharibu. Kila mwaka baada ya mavuno wanawake husiriba kuta upya, na wengi hupaka tu, kama mtu anavyopaka siagi kwenye mkate wa wageni. Wegesa alichora. Jina lake lenyewe ni la mavuno, na mavuno yakiisha mikono ilimwasha. Nyeusi aliipata kwenye masizi ya chungu, nyeupe kwenye majivu, nyekundu kwenye udongo wa kule mtoni. Akachora ng'ombe. Tena hakuchora ng'ombe wa hivi hivi tu: wazee waliokuja kunywa pombe walisimama ukutani na vikombe vyao wakasema, "Huyu si yule mtamba wa kina Mseti? Na huyu si yule aliyeanguka kisimani?" Na kweli alikuwa yeye.

Nyumba ya bloku ilipopanda hadi usawa wa lenta, juu ya madirisha, dhahabu ya Nyangwine ikakata. Paa halikuja. Familia ikahamia jikoni, mbuzi wakahamia kwenye nyumba ya kisasa. Mavuno yalipofika, Wegesa akakoroga udongo wake, akaenda ukutani.

"Mama Happy!" Nyangwine akaruka. "Huo ni ukuta wa simenti! Simenti haipakwi matope. Unataka watu waseme tumerudi nyuma?"

Mbuzi wakamtazama kutoka sebuleni.

Wegesa akaumwaga udongo. Mwaka huo hakuchora kitu. Mwaka uliofuata pia. Alipika, alilima, alianza kusema na sufuria. Wanawake wenzake wakasema ni umri. Wasomi wana jina refu la hali hiyo. Sisi tulioishia darasa la tano tunasema mtu amefungwa mikono.

Siku moja Nyangwine alimtuma Tarime mjini akanunue bawaba za mlango. Fikiria mwenyewe: nyumba haina paa, mlango haujachongwa, mtu ananunua bawaba. Duka lilikuwa la Lukmani, ambaye babu yake alitoka Tanga akiwa na cherehani moja, na mjukuu akaishia kuuza misumari. Wegesa aliingia, akaona rafu ya makopo ya rangi, kila kopo limetiririsha rangi yake kifuani kama mtoto aliyekunywa uji vibaya. Akasimama hapo mpaka wateja watatu wakahudumiwa na kuondoka.

"Mama, nikusaidie nini?"

"Hii. Ni ya kupaka nini?"

"Wewe unataka kupaka nini?"

"Ng'ombe."

Lukmani akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. "Ng'ombe anapakwa dawa ya kupe, mama. Hii ni ya kuta."

"Ng'ombe wa ukutani."

Akamtazama vizuri, akaona hatanii. Akaenda nyuma, akarudi na makopo matatu yaliyogandia juu, ambayo hakuna fundi angeyanunua. Akamwonyesha jinsi ya kukata lile ganda kwa kisu na kulainisha rangi kwa tapentaini. "Usitie maji, mafuta na maji hawaoani. Na usije ukapaka chokaa juu ya rangi hii. Itabanduka yote kama ngozi ya nyoka."

Wegesa akalipia brashi kwa pesa za bawaba.

"Bawaba ziko wapi?" Nyangwine aliuliza jioni.

"Mlango uko wapi?"

Mzee akawasha redio.

Basi Wegesa akaanza. Nyamwaga ya dhahabu ilikuwa inafungua duka kila wiki na kulifunga wiki inayofuata, na kila duka lilitaka picha mlangoni. Akachora birika kwenye mgahawa, likawa na moshi wake. Akachora kiatu kwa fundi viatu. Kwa kuwa mwanamke kupanda juu ya nyumba ni mwiko, na ngazi ni njia ya kwenda juu ya nyumba, alisimama juu ya meza. Na watu wakaja kujadili kama meza nayo ni ngazi. Wazee wazima! Ng'ombe wao wamekwisha, watoto wao wako chini ya ardhi na tochi, wao wanajadili meza.

"Mama mzima, makalio juu ya meza," Robi alisema, kwa sauti ya kusikika hadi Nyanungu. "Shetani wa ujana amemchelewea."

Mseti ndiye aliyempa ukuta mkubwa. Huyu alikuwa binamu wa Nyangwine, naye dhahabu ilimpenda kweli. Alitia jino moja la dhahabu, na tangu hapo alicheka hata msibani ili lionekane. Alikuwa amefungua bucha, ukuta mweupe mbele, mpana. Akamwita Wegesa.

"Shemeji, nichoree ng'ombe."

"Yupi?"

"Yupi nini? Ng'ombe. Ng'ombe ni ng'ombe."

Wegesa alimtazama kama unavyomtazama mtu aliyekuambia mtoto ni mtoto, beba yeyote. Mkurya anasema hivyo! Lakini Mseti aliacha kuchunga akiwa mdogo akakimbilia mashimo, na ng'ombe alimjua kwa kilo.

"Siwezi kuchora asiyekuwepo," Wegesa akasema.

"Haya, yuko mmoja nyuma, amefungwa. Mchore huyo, kabla Muzamil mchinjaji hajampitia na kisu kesho."

Alikuwa fahali. Mweusi, na ubavuni baka jeupe lenye umbo la kigoda kilichopinduliwa. Pembe ya kushoto ilikuwa imeinama kama imechoka kumsikiliza mtu. Sikio la kulia lilikuwa limekatwa mfano wa mkia wa mbayuwayu, na chini ya mkato kuna tundu. Pajani, kovu la chapa: mstari mmoja na nusu duara. Wegesa alikaa juu ya jiwe mchana kutwa akimtazama. Hakuandika kitu, hakuchora kitu. Asubuhi fahali akawa nyama, na Robi akanunua nusu kilo akalalamika kwamba ni mgumu.

Uchoraji ulichukua siku nne. Siku ya kwanza walimcheka. Siku ya pili walisimama. Siku ya tatu wanaume walikuwa wamejipanga na mikono nyuma, wakimkagua fahali wa rangi kama wako mnadani. "Huyu anapiga teke la kushoto," mmoja akasema, na mwenzake akasogea hatua moja nyuma, mbele ya ukuta! Siku ya nne Wegesa akatia jicho, akashuka mezani, akanawa mikono kwa mafuta ya taa. Watu waliokuwa wakimwita Mama Matope sasa wakamsalimia kwa jina.

Na Mseti? Alileta kiti chake cha uvivu akakiweka chini kabisa ya picha. Mwezi mzima alikaa hapo, chini ya sikio lenyewe, akichokonoa meno na kuwaambia wapita njia, "Umeuona ukuta wangu?" Waliouona vizuri walikuwepo, usidhani. Nyamwaga haina upofu kiasi hicho. Mkato ule wa sikio, alama ya mwenye ng'ombe, haukuwa wa huku. Lakini nyama yake ilikuwa ya bei poa, na nyama ya bei poa inaziba mdomo kuliko mkono wa polisi.

Mpaka akaja mzee Kornelio.

Alitoka Nyansurura, upande wa Serengeti, kuja kumwona binti yake aliyejifungua. Akashuka kwenye basi na kuku wake mkononi, akapita mbele ya bucha, akasimama. Akaweka kuku chini. Akavua kofia.

"Diwani," akasema.

Mseti akacheka, jino likatoka. "Diwani haishi hapa, mzee. Shikamoo."

"Diwani wangu." Mzee alikuwa ameufikia ukuta, kidole kiko kwenye lile tundu la sikio. "Nilimwita hivyo kwa sababu alitangulia mbele, akala kuliko wote, na jembe hakuvuta. Walimtoa zizini kwangu mwezi wa saba. Nani amemchora?"

Watu wakaanza kukumbuka kwamba wana shughuli nyumbani.

Kornelio hakupiga kelele. Akamwokota kuku wake, akauliza nyumba ya mkuu wa sungusungu, akaonyeshwa kwa Joram. Na Joram akatangaza iritongo, mkutano wa jamii yote, kesho yake asubuhi mbele ya bucha.

Jua halijashuka Mseti akawa jikoni kwa Wegesa, amekaa juu ya kigoda cha chini na magoti yake karibu na masikio. Jino lilikuwa limefichwa.

"Shemeji, ni sikio tu. Lizibe. Na lile kovu. Nukta mbili za rangi nyeusi, kazi ya kumeza mate."

"Wameshaliona."

"Basi kesho wakikuuliza, sema ulibuni. Nani atakushangaa? Mwanamke akichora anabuni." Akamgeukia Nyangwine. "Binamu, nyumba yako inataka mabati mangapi?"

Nyangwine alijibu haraka mno kwa mtu ambaye hajawahi kuhesabu. "Arobaini na mawili."

"Arobaini na mawili yatashuka hapa Jumamosi. Lakini shemeji akinitaja," Mseti akainuka, "hakuna ukuta Nyamwaga utakaomjua tena. Na wewe binamu, usiniombe hata msumari."

Alipoondoka, Nyangwine akavaa koti la suti, kama mtu anayekwenda kuomba mkopo, akakaa karibu na mkewe.

"Mama Happy. Paa."

"Nimesikia."

"Mvua za vuli ziko mlangoni. Ni neno moja tu. *Nilibuni*. Litakuua?"

Wegesa alikuwa akisafisha brashi, unywele kwa unywele. Maisha yake yote walimwita Mama Matope, na alivumilia, kwa sababu alijua jambo moja wasilolijua: kwamba alichokiweka ukutani kilikuwepo. Akilisema lile neno, kuanzia kesho itakuwa kweli wanavyosema. Mama mmoja tu juu ya meza, anachafua kuta.

"Nyumba imekaa bila paa miaka mitatu," akasema. "Imezoea."

Asubuhi watu walijaa mpaka barabarani. Hata wachimbaji walipanda juu kutoka mashimoni, na hao hawapandi hata kwa mazishi. Joram alikaa katikati na fimbo yake, mtu wa kifua mbele, mwenye ng'ombe wengi na mwenye kuwataja wote kabla hujamwuliza. Kornelio upande mmoja, Mseti upande mwingine, fahali ukutani akiwatazama wote.

"Wegesa," Joram akasema. "Huyu ulimwona kwa macho, au ulimtoa kichwani?"

Nyangwine akakohoa. Kikohozi cha mabati arobaini na mawili.

"Mimi sijui kumtoa ng'ombe kichwani," Wegesa akajibu. "Nilimwona nyuma ya bucha hii, amefungwa kwenye kigingi, na sikio lake hilo, na kovu lake hilo."

Kelele zikapanda. Mseti akasimama, jino likarudi kazini.

"Wazee wangu! Aliona ng'ombe mchana mmoja, akachora siku nne, yule mwenyewe keshaliwa. Eti amekumbuka tundu la sikio! Mimi nilimlisha, sikukumbuka hata pembe. Tunapima kesi kwa ndoto za mwanamke?"

Wanaume wakacheka, na Joram naye akacheka kidogo. Lakini alimpenda ng'ombe kuliko alivyompenda Mseti. Akamtuma mtu kwake. "Mleteni Kibibi."

Kibibi alikuwa ng'ombe wake wa maziwa, wa madoadoa mekundu, madogo na mengi kama maharage yaliyomwagika. Akapitishwa polepole mbele ya Wegesa, akageuzwa mara moja, akapelekwa nyuma ya mashine ya kusaga asionekane. Wegesa akapewa mkaa na ubavu wa bucha uliokuwa mtupu.

Akachora. Robi alikuwa akimwelezea aliyekaa karibu naye kila mstari kana kwamba ameufundisha yeye. Wegesa alipomaliza, Joram akasogea, akakagua bega, akakagua shingo, akaguna. Kisha akapiga ukuta kwa fimbo.

"Hapa! Umekosea. Kibibi hana doa nyuma ya goti la nyuma. Nimekaa naye miaka sita!"

"Analo," Wegesa akasema. "Dogo. Lina umbo la figo."

"Mwanamke, unaniambia mimi habari za ng'ombe wangu?"

"Nenda ukamtazame."

Joram akaenda nyuma ya mashine. Akakaa huko muda wa mtu kuvuta sigara nzima. Akarudi akipangusa suruali, akakaa, akaiweka fimbo sawasawa juu ya mapaja.

"Tuendelee," akasema.

"Doa lipo?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Nimesema tuendelee!"

Kicheko cha watu kilisikika mpaka ndani ya maduara. Hapo Muzamil mchinjaji akasimama, akasema na yeye aliliona lile sikio siku ya kuchinja, akauliza, akaambiwa ng'ombe ametoka mnadani. Joram akamwomba Mseti karatasi ya mnada. Mseti akatafuta mfuko wa kulia, akatafuta wa kushoto, akatafuta tena wa kulia. Sijui alitumaini karatasi itazaliwa humo. Kabla ya saa sita alikuwa ametozwa ng'ombe watatu kwa mmoja, na mbele ya watu wote akatakiwa kuwachagua mwenyewe kutoka zizini kwake. Akawa hajui yupi ni yupi.

Sasa usifikiri Wegesa alibebwa mabegani. Hapa ni Nyamwaga. Mabati hayakushuka Jumamosi wala siku nyingine. Nyangwine alinuna, akahamia kwa kaka yake siku tisa, na akarudi kwa sababu ugali wa kule haukuiva. Na Mseti aliposema kuta hazitamjua tena, kwa hilo tu hakusema uongo. Wenye bucha wote, kuanzia Nyamwaga hadi Sirari, walimkimbia kama mkaguzi wa afya. Wa Sirari alidiriki kumwambia, "Mama, nichoree ng'ombe asiye na masikio." Sasa huyo alikuwa anajisemea nini? Miezi mitatu Wegesa hakupata hata birika. Robi akarudia kazi yake ya zamani: "Nilisema mimi. Angeshika jembe."

Mseti naye aliamua kumzika Diwani. Akanunua chokaa, akapaka ukuta mzima mikono miwili. Lakini Lukmani wa Tarime alishasema. Mvua ya kwanza ya vuli ikaja, chokaa ikabanduka juu ya rangi ya mafuta, na kitu cha kwanza kutokeza kilikuwa sikio la kulia. Akapaka tena, likatokeza tena. Mpaka leo bucha hiyo ina ukuta mweupe wenye sikio moja.

Mvua hizo hizo zilikuwa zinanyesha ndani ya nyumba ya kisasa ya Nyangwine aliporudi mzee Kornelio, na kuku mwingine mkononi.

"Mwanangu, wale watatu nimewapokea," akamwambia Wegesa. "Lakini Diwani mwenyewe ameliwa. Njoo umweke kwenye nyumba yangu. Na majirani zangu nao wanataka, kila mtu fahali wake ukutani, na sikio lake. Mwizi atakayemchukua ajue ameacha picha nyuma."

Wakaenda Nyansurura, Wegesa mbele na brashi zake ndani ya kitambaa, Nyangwine nyuma akisukuma baiskeli yenye makopo na meza. Njiani kila aliyemsalimia aliambiwa, "Tunakwenda kazini. Ni kazi yetu hii ya picha." Miaka minne ya kuchimba, na hatimaye amepata duara ambalo hakuliondokea, la mkewe.

Siku ya tatu, fahali alikuwa amekamilika kwenye udongo mpya wa nyumba ya Kornelio. Mzee akamzunguka, kofia mkononi, macho yana maji kidogo. Kisha akainamisha kichwa upande.

"Mwanangu, usinikasirikie. Ile pembe yake haikushuka hivyo. Ilishuka kidogo tu. Mimi nimemlea miaka saba."

Wegesa hakugeuka. Alikuwa anatia tundu kwenye sikio.

"Wewe ulimlea, mzee. Mimi nilimtazama. Nishikie hilo kopo."

Mzee akalishika.